Nani Amekata Karatasi?

Punje moja tu ya mahindi ya njano. Ilikuwa imejificha katika upindo wa suruali ya binamu yangu Abdelkarim, mguu wa kushoto, kama kunguni katika mshono wa godoro.

Mtu mwingine asingeiona. Lakini sisi wenye haya hutembea macho chini, na anayetembea macho chini huona viatu vya watu na pindo za suruali zao. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba haya si hasara tupu.

Kwa aliyenikuta njiani leo: mimi ni Sitelbanat, Mnubi wa Kibera, upande wa Sarang'ombe. Jina langu maana yake ni bibi wa wasichana wote. Kazini walilikata wakaniita Banat, ubibi wakautupa. Shule niliiacha darasa la sita, baba alipofariki. Wengine mmeshasoma nilivyofukuzwa uaya kule Kianda kwa kikombe ambacho sikukivunja. Mmesoma pia jinsi Abdelkarim, mtoto wa amu yangu Abdelrahim, alivyonitafutia kazi kwa Mzee Muigai wa Kawangware, kisha akanikumbusha wema huo kila jua lilipochomoza.

Basi tuko Kawangware, katika ua wa Mzee Muigai, mwaka ule wa ukame.

Mzee alikuwa na ploti, kinu cha kusaga unga, na tumbo. Mahindi ya nchi yalikuwa yamekauka shambani, kwa hiyo aliyapokea ya kutoka ng'ambo. Hayo hayakuja kwenye magunia. Yalisafiri baharini yakiwa wazi, yamemiminwa ndani ya kontena la chuma kama uji ndani ya sufuria. Ili yasiguse kutu, kontena lilivishwa nguo ya ndani: nailoni moja kubwa, sakafu, kuta na dari, na nyuma ya mlango mbao za kuyazuia yasikuangukie ukifungua.

Kazi yetu wanawake ilikuwa kufungua mdomo wa ile nailoni, kuyaacha yatiririke, kujaza magunia na kuyashona. Yakipungua, tulivua viatu tukaingia ndani kuyasukuma kwa mbao, maana kiatu hutoboa.

Pale uani hakuna aliyeiita nailoni. Iliitwa karatasi. Karatasi mpya, karatasi kuukuu, karatasi ya kontena. Shikeni neno hilo, kwa sababu ndilo lililonifunga kamba.

Abdelkarim hakuvua viatu. Yeye alikuwa karani. Kidato cha nne alikimaliza, na adabu aliimaliza siku hiyo hiyo. Alivaa tai hata kwenye joto, na kalamu tatu mfukoni, mbili kati yake hazikuwa na wino.

"Karani haingii kontena," alizoea kutuambia. "Kontena ni ya watu wa miguu mitupu."

Na iliposikika kwamba kontena lijalo, tofauti na yaliyotangulia, litaleta mahindi ya njano, alicheka mpaka tai ikapinda.

"Chakula cha farasi! Kwetu hakivuki kizingiti. Nyinyi mtakula, mkianza kulia hihihi msiniite."

Wangoi, ambaye tulishona naye magunia, alimjibu kwamba farasi anayemjua yeye havai tai. Tulicheka. Mimi nilicheka kwa ndani.

Kontena hilo la njano lilifika Ijumaa juu ya trela. Mzee Muigai alikuwa kwao Murang'a, na funguo za makufuli alikuwa nazo yeye mwenyewe. Akatuma neno: hakuna kufungua mpaka Jumatatu, aje aone kwa macho yake.

Sasa mnaelewa kwa nini ile punje ilinishtua. Jumamosi ile, katika Kawangware nzima, mahindi ya njano yalikuwa ndani ya chuma, nyuma ya kufuli. Na punje moja ilikuwa katika suruali ya mtu asiyeingia kontena.

"Sasa, Banat," Abdelkarim alinisalimia.

"Salama."

"Unaangalia nini?"

"Hakuna."

Alifuata macho yangu mpaka chini. Akainama, akaipiga ile punje kwa ukucha, ikaruka matopeni.

"Ni ya kuku," akasema.

Kuku gani? Mzee Muigai hakufuga kuku, aliwala tu. Na kuku gani huyo anayelishwa ndani ya suruali ya karani? Hayo niliyasema moyoni. Huko moyoni mimi ni mtu wa maneno mengi sana. Mdomoni halikutoka hata moja.

Ghafla Abdelkarim akawa mwema. Hilo lilinitisha kuliko punje.

"Si ulisema paa la habooba linavuja?"

Habooba, ndivyo sisi tunavyomwita nyanya. Habooba Mabrouka alimzaa baba yangu, na baba yake Abdelkarim pia, ingawa hilo la pili hulitaja kwa sauti ya chini. Nilikuwa nikiishi naye. Mvua ile chache iliyokumbuka njia ya Nairobi ilikuwa ikipitia mabati yetu na kushukia kitandani kwake.

"Linavuja," nikasema.

"Kata kipande pale kwenye karatasi kuukuu. Kikubwa unavyotaka. Ni takataka tu."

"Mzee hatakasirika?"

"Mimi ndiye karani. Nikisema chukua, chukua."

Nikachukua. Nilikata kwa wembe wangu wa kazi ya tabaga, zile kawa za rangi tunazosuka kufunikia chakula. Nilikibeba kile kipande kichwani, nikavuka Ngong Road, mpaka nyumbani, na jirani akakipandisha juu ya paa akakiwekea mawe.

Jumapili mvua iliponyesha, habooba alikaa kitandani akatazama juu, akingoja tone. Tone halikuja.

"Nani kakupa?"

"Abdelkarim."

"Abdelkarim?" Akageuka kunitazama. "Mtoto yule hata mate hatoi bure. Umemwona akifanya nini?"

Niliinama. Habooba akaguna.

"Haya ni nguo, mwanangu. Nguo ikianza kukukaba shingo, unaivua."

Jumatatu Mzee Muigai alirudi, kofia kichwani, mkoba wa ngozi mkononi. Ndani ya mkoba huo hubeba mandazi, mimi nimeona. Mimi nilikuwa nyuma ya kinu, nakung'uta zile karatasi kuukuu. Kinu kikinguruma husikii hata ukiitwa na malaika. Sikusikia kontena likifunguliwa, wala sikusikia kelele za mwanzo.

Nilichosikia ni kinu kuzimwa. Kisha sauti ya Mzee.

"Nani amekata karatasi?"

Nikachungulia. Watu wote wamesimama kwa mstari kama watoto wa shule. Nikasema, ameshaona. Amepita kwenye lundo la karatasi kuukuu, ameona imekatwa.

Nikamtazama Abdelkarim. Sasa ndipo atasema, mzee, mimi nilimruhusu. Abdelkarim alikuwa anafuta kalamu kwa kitambaa. Moja ya zile zisizo na wino.

"Nimeuliza! Hii karatasi ni nani alikata?"

Nikajitokeza.

"Ni mimi, mzee."

Mzee akanigeukia.

"Wewe?"

"Ndiyo, mzee. Kipande kidogo tu. Nilipeleka nyumbani."

"Haiya!" Wangoi akaziba mdomo. "Na vile huwa amenyamaza!"

"Hao wa kunyamaza ndio hao," mwingine akasema. "Maji tulivu hayo."

Mzee Muigai hakupiga kelele tena. Alinishika mkono kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwenye maziwa.

"Kuja. Kuja uone kipande yako kidogo."

Hakunipeleka kwenye karatasi kuukuu. Alinipeleka kwenye kontena la njano.

Nikaona. Mahindi yalikuwa yamezama katikati kama kisima. Mzee akanisukuma niiname chini ya trela. Sakafu ya kontena ni ya mbao; ubao mmoja mbovu ulikuwa umeng'olewa, na karatasi mpya imekatwa kwa chini, tundu la ukubwa wa sahani, likazibwa kwa matambara. Mtu alikuwa amelala chali pale na gunia, akakata, na mahindi yakamshukia yenyewe kama maji ya bomba. Alipotosheka, akaziba. Mvua ya Jumapili ikalowesha matambara, na mahindi ya chini yakaanza kufura.

Mahindi yanayoshuka kwa kasi hayachagui pa kuangukia. Mengine huingia gunia. Mengine huingia upindo.

Hapo nikaelewa yote kwa mpigo mmoja.

"Mzee, si hii..." nikajaribu.

"Si hii? Kwani kuna karatasi ngapi?"

Watu wakacheka. Tulikuwa na karatasi mbili na neno moja, na neno lenyewe nilikuwa nimeshalitema mbele ya mashahidi.

"Nilikata ile... ile kuukuu..."

"Umesema umekata. Umesema umepeleka nyumbani. Sikukuchapa, sikukuuliza mara tatu. Sasa unataka kuimeza?" Akageuka. "Karani! Ulijua hii maneno?"

Nilimtazama Abdelkarim usoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ana uso mzuri, sitamwibia. Uso wa kubandika ukutani kwa kinyozi.

"Sikujua, mzee." Akatikisa kichwa kwa huzuni ya dukani. "Huyu ni damu yangu. Mimi ndiye niliyemleta hapa. Nimeaibika."

Mzee akampigapiga begani, amfariji. Amfariji!

"Nataka kuona karatasi yangu iko wapi," akasema. "Pandeni."

Wao wawili walikaa mbele kwenye pikapu. Mimi nilipandishwa nyuma pamoja na gunia tupu, na watu wa Kawangware wakanitazama kama mbuzi anayekwenda sokoni.

Kibera walikuwa wameshakusanyika kabla hatujafika. Umbea hauhitaji petroli. Mzee Muigai alisimama mbele ya nyumba yetu akanyoosha kidole juu ya paa.

"Hiyo ni nini?"

"Karatasi," akajibu habooba kutoka mlangoni.

"Ya nani?"

"Yako, kama una raha ya kuidai. Ilikuwa takataka. Panda uichukue, lakini mabati hayo ni mepesi, na wewe si mwepesi."

Majirani wakacheka, na hilo likamkasirisha zaidi. Kipande kilichokuwa juu ya paa kingefunika kitanda. Tundu lilikuwa la ukubwa wa sahani. Hakuna aliyepima. Mtu akishakudharau, hapimi.

"Huyu ni wa polisi," akasema Mzee. "Leo. Si kesho."

Amu yangu Abdelrahim alifika kwa haraka, kofia ya kanzu mkononi. Yeye ni mtu wa kumwogopa kila mwenye gari. Alimkaribisha Mzee ndani, akamwita mzee mwenzangu, akaagiza chai na mikate ya sukari ambayo mimi hajawahi kuninunulia. Tukajazana mle ndani: Mzee kwenye kiti, amu na Abdelkarim kwenye kitanda, habooba kwenye mkeka, mimi ukutani. Mlangoni vichwa vya majirani, kimoja juu ya kingine.

Hapo Abdelkarim akasimama. Alinyoosha tai.

"Mzee, na wewe baba. Mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Mimi nitamwoa Banat. Hivyo hivyo alivyo, na aibu yake. Akiwa mke wangu, kosa lake ni langu, na mahindi yako nitayajibia mimi, polepole, kazini kwako."

Wanawake mlangoni wakatoa mguno wa kusifu. Mmoja akasema, huyo ndiye mwanamume.

"Karani, wewe uko na roho," alisema Mzee Muigai. "Mimi singeoa mwizi. Lakini sawa. Akiolewa na wewe, mimi nimesahau. Akikataa, kutoka hapa naenda kwa polisi na yeye nyuma ya gari."

Nilikuwa nimesimama, nikaona jambo zima wazi, kama kuona sakafu ya kontena mahindi yakishaisha. Nikiwa mke wa karani, nani atanisikiliza nikimtaja karani? Hakuwa ananioa. Alikuwa ananiziba. Kama alivyoziba lile tundu, kwa tambara lililokuwa karibu.

Amu akakohoa, akawaita wazee wawili wa jirani waingie wawe mashahidi.

Hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Mwari haulizwi kama mwanamume anavyoulizwa. Walii wake, yaani msimamizi wa ndoa yake, ambaye kwangu ni amu, humwuliza mbele ya mashahidi, na akiona haya akanyamaza, kimya chake ni ndiyo. Ni desturi ya heshima. Iliwekwa ili msichana asilazimike kutamka neno zito mbele ya wanaume. Aliyeiweka hakumfikiria Abdelkarim.

Lakini Abdelkarim aliifikiria. Tangu utoto ananijua. Alijua kwamba kama kuna mtu duniani atakayeolewa kwa kunyamaza, ni mimi.

"Sitelbanat, binti wa marehemu ndugu yangu," amu akaanza. "Unaridhia kuolewa na Abdelkarim?"

Nikatazama chini. Nikaona viatu. Vya Mzee Muigai, vyenye matope. Vya amu, vimeraruka. Vya Abdelkarim, vinang'aa. Juu ya viatu hivyo, suruali ile ile ya Jumamosi, imepigwa pasi, mkunjo wake mkali kama wembe.

"Ameona haya," amu akasema kwa upole. "Nauliza mara ya pili. Unaridhia?"

Nilitaka kusema, na haya ikanishika kama mkono. Majirani walianza kunong'ona, mmoja akajaribu sauti ya kigelegele, ndogo, ya mazoezi.

Abdelkarim alitabasamu. Si kwangu. Alimtabasamia Mzee Muigai, kama mtu anayepokea risiti.

Habooba alinyoosha mguu wake pale mkekani, akaugusa wangu kwa kidole gumba.

"Nauliza mara ya tatu na ya mwisho," amu akasema. "Sitelbanat, unaridhia?"

Akangoja. Akawageukia mashahidi, akainua mkono.

"Basi nyinyi mmeona. Kimya chake..."

"Sijanyamaza, amu."

Sauti ilitoka na kutu, kama mlango wa kontena. Kigelegele kikafia mlangoni.

"Umesema?"

"Nimesema sijanyamaza." Nikainua uso. Ulikuwa mzito kuliko gunia. "Mzee Muigai. Kontena lilikuwa na kufuli tangu Ijumaa, na funguo ulikuwa nazo wewe. Mwambie karani wako akunjue upindo wa suruali. Wa kushoto."

"Upindo wa nini?" Mzee akashangaa. "Wewe msichana umeshikwa na wazimu?"

Lakini tayari alikuwa hanitazami mimi. Wote hawakunitazama. Mkono wa Abdelkarim ulikuwa umefika kwenye upindo kabla mdomo wake haujafika kwenye neno.

"Toa mkono," Mzee Muigai akasema.

"Mzee, huyu anatapatapa tu..."

"Nimesema toa mkono. Simama hivyo hivyo."

Sikuwa na hakika, niwaambie kweli. Punje niliyoiona Jumamosi ilikuwa imeruka matopeni mbele ya macho yangu. Na mama yake Abdelkarim humfulia kila Jumapili, humkung'utia suruali na kumpigia pasi kama anatuma mtu ikulu. Nilikuwa nimeweka shingo yangu juu ya punje ambayo labda haikuwako.

Mzee Muigai aliweka mkoba chini, akapiga magoti juu ya mkeka wa habooba, tumbo na kofia na yote. Akaingiza kidole katika upindo.

Abdelkarim hakumtazama Mzee. Alinitazama mimi, kwa upole ule ule wa Jumamosi, na akasema chini chini, lakini kila mtu alisikia:

"Banat. Fikiri. Baada ya leo nani atakuoa? Katika watu wote hapa, ni mimi tu ninayekuheshimu."

Kuna neno nilikuwa nalo tangu tukiwa watoto, tangu siku alipovunja mtungi wa habooba akanitazama nikichapwa kwa ajili yake. Sijawahi kulitamka mbele ya mtu. Sijawahi kulitamka hata ndani ya kontena tupu, ambamo ukisema kitu chuma hukurudishia mwenyewe. Nililitamka mbele ya amu yangu, mbele ya mashahidi wawili, mbele ya vichwa vyote vya mlangoni, na kidole cha Mzee Muigai kikiwa bado ndani ya upindo.

"Mimi nakudharau, Abdelkarim."